Pauillac au Pomerol? Uliza kwanza maji yanapita wapi

Swali huwa linakuja hivi. Mtu ana pesa ya chupa moja nzuri ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, labda ni zawadi ya bosi anayestaafu, na mbele yake zimesimama mbili za bei inayokaribiana. Moja imeandikwa Pauillac, nyingine Pomerol. Anamuuliza muuzaji, naye anajibu kwamba zote nzuri. Hajadanganya, ila hajasaidia.

Nimemimina mvinyo kwenye hoteli za pwani kwa miaka mingi. Wengi wa wenzangu hawaonji hata tone. Wanamshauri mgeni kwa pua na kwa masikio. Nilichochelewa kuelewa ni kwamba tofauti ya chupa hizi mbili haianzii kwa mtengenezaji wala kwenye pipa la mwaloni. Inaanzia chini, kwenye namna ardhi inavyougawia mzabibu maji. Ukilishika hilo, majina mengine unaweza kuyasahau na bado ukachagua vizuri.

Wafaransa huandika terroir, sisi tuseme teruwa: udongo, mteremko, mvua, joto na mkono wa watu waliolima hapo vizazi kwa vizazi, vyote kwa pamoja. Si jambo geni kwetu. Mchele wa Kyela tunaujua. Chukua mbegu ileile kaipande kwingine, wali utapata, harufu ile hupati. Na ndiyo maana sokoni kila gunia limezaliwa Kyela.

Pauillac: mawe na kiu

Mito miwili, Garonne na Dordogne, inakutana kaskazini ya jiji la Bordeaux na kuwa Gironde, mlango mpana wa maji unaokwenda kilomita 75 hivi mpaka Atlantiki. Ukitazama kule maji yanakoelekea, mkono wa kushoto ni Médoc, na Pauillac imo humo, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka jijini. Mkono wa kulia, jirani na mji wa Libourne, ndiko iliko Pomerol.

Sehemu kubwa ya Médoc ilikuwa kinamasi. Katika karne ya 17 wahandisi wa Kiholanzi wakachimba mifereji, maji yakatoka, na juu vikabaki vilima vya changarawe ambayo mito ya kale ilikuwa imeisomba kutoka milima ya Pyrenees na Massif Central. Kuviita vilima ni kuviheshimu tu, maana vya Pauillac vilivyo juu kabisa vinagota kama mita 30 kutoka usawa wa bahari. Ukipita na gari hutavigundua. Mzabibu unavigundua.

Inama uokote mawe yenyewe. Ni ya mviringo, laini kwa kusuguliwa na maji, mengine madogo kama yai la kware, mengine yanajaa kiganja; meupe, ya kijivu, ya rangi ya asali. Mvua ikipiga usiku kucha, asubuhi unatembea humo na viatu vya kitambaa ukatoka navyo visafi. Maji hayakukaa, yameshuka. Mzabibu unaotaka kunywa sharti uyafuate, kwa hiyo mizizi inateremka mita kadhaa kati ya mawe na mchanga. Mchana mawe hayo yanakula jua, jioni yanalirudisha taratibu, na zabibu zinazoning'inia karibu na ardhi zinapata joto la ziada.

Hapo ndipo Cabernet Sauvignon inapopata makazi. Ni aina ya zabibu nyekundu inayochelewa kuiva. Ukiipanda pa baridi na majimaji, vuli ya Ulaya, majira ya kupukutika majani, itaikuta bado haijamaliza kazi, na mvinyo wake utanukia pilipili hoho mbichi. Changarawe inaipa vitu viwili inavyohitaji: joto na kiu. Kiu hii ndiyo muhimu zaidi, na ndiyo watu wengi hawaielewi. Mzabibu wenye maji tele hurefusha matawi na majani kama hauna haja ya kuzaa. Mwezi wa Julai na Agosti, maji yakianza kupungua, unaacha kukua na kuhamishia nguvu kwenye matunda. Zabibu zinabaki ndogo. Na kwa kuwa rangi na tanini, ile inayoleta ukakasi, zimo kwenye ganda, zabibu ndogo maana yake ganda jingi kwa maji machache.

Mfano wa wazi ni Château Latour, shamba maarufu la Pauillac. Sehemu yake ya kati, inayoitwa l'Enclos, ni hekta 47 hivi, na kutoka hapo mpaka ukingo wa Gironde ni kama mita 300. Watu wa Médoc wana usemi wao wa zamani kwamba mizabibu bora ni ile inayouona mto. Nilidhani ni majigambo, kumbe ina sababu. Maji mengi kiasi kile hayapoi haraka, hivyo usiku wa baridi kali hewa ya karibu na mto inabaki na joto kidogo. Baridi ya Aprili ilipounguza machipukizi mwaka 1991, na tena 2017, mashamba yaliyo kando ya Gironde yaliumia kidogo kuliko yaliyo ndani.

Pomerol: udongo unaofungua na kufunga

Pomerol haina makuu. Ni hekta 800 hivi, wakati Pauillac ina 1,200 hivi. Hakuna mji wa kuuona, ni nyumba zilizotawanyika na mnara wa kanisa katikati ya mizabibu. Jengo la Pétrus, shamba lenye jina kubwa kuliko yote hapa, ni la kawaida kabisa. Mtu anayetafuta jumba la kifalme atalipita bila kugeuka. Upande wa magharibi udongo una mchanga mwingi, kuelekea katikati kuna changarawe, na juu kabisa ya uwanda, kwenye mwinuko wa mita 40 hivi, udongo wa mfinyanzi wenye rangi ya samawati umejitokeza kwenye eneo la hekta 20 hivi. Wenyeji wanaliita tundu la kifungo, kwa jinsi lilivyo dogo kwenye ramani. Hekta 11.5 za Pétrus ziko karibu zote hapo.

Mfinyanzi huu ushike ukiwa umelowa. Unanata vidoleni kama gundi, unaweza kuufinyanga chungu palepale. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kidole. Jamii yake ni ile inayovimba sana ikipata maji, na hapo ndipo ajabu yake. Mvua kubwa ikija, safu ya juu inavimba na kujifunga, na maji mengine yanateleza kwenda zake bila kuingia. Kiangazi kikija, maji yaliyonaswa ndani yanaachiwa polepole mno. Mzabibu uko kama mtoto anayelishwa uji kwa kijiko: hashindi njaa, wala hapewi bakuli ashike mwenyewe.

Kwa hiyo huku mizizi haiendi mbali, haina pa kupita. Pauillac mzabibu unapata maji kidogo kwa sababu yamekimbilia chini. Pomerol unapata kidogo kwa sababu udongo umeyashika na hautaki kuyatoa. Njia mbili zinazopingana, na zote zinaishia kwenye kiu ileile ya wastani. Gérard Seguin wa Chuo Kikuu cha Bordeaux alilitolea jambo hili sehemu kubwa ya kazi yake ya utafiti, na baada yake Cornelis van Leeuwen: kinachoamua ubora ni namna udongo unavyogawa maji kuliko madini yaliyomo. Wauzaji watakuhubiria kuhusu safu ya chuma iliyo chini ya Pomerol na jinsi unavyoweza kuionja. Safu ipo kweli. Kwamba mzizi unaibeba mpaka kwenye glasi yako, hiyo mimi siinunui.

Tofauti inabaki kwenye joto. Mfinyanzi ni baridi, unachelewa kupashwa na jua la majira ya kuchipua. Cabernet Sauvignon ingehangaika pale. Merlot, aina nyingine ya zabibu nyekundu, inaiva wiki moja au mbili kabla yake, kwa hiyo inawahi. Pétrus leo ni Merlot karibu tupu.

Nisiseme ni maumbile peke yake, maana historia nayo ina mkono. Februari 1956 baridi kali iliua mizabibu mingi ya ukingo wa kulia. Walipopanda upya, wengi walichagua Merlot, kwa hiyo sehemu ya sura ya Pomerol tunayoijua ilichorwa mwaka ule. Madame Loubat, aliyekuwa mwenye Pétrus, alikataa kung'oa. Aliagiza mashina yakatwe chini, akasubiri yachipue kwenye mizizi ileile ya zamani. Mwaka 1992, mvua zilipotishia mavuno, shamba hilohilo lilitandikwa plastiki chini ili maji yasiingie. Hata udongo unaosifiwa dunia nzima kwa kujifunga wenyewe kuna siku ulihitaji turubai.

Mdomoni

Niliwahi kumfungulia mgeni Pauillac changa, haijafika hata miaka sita, wakati samaki wake wa nazi ameshawekwa mezani. Alikuwa ameiagiza mwenyewe, na kitabu cha mvinyo cha hoteli ile hakikuwa na neno lolote la onyo. Alipiga funda moja, akakunja uso kama mtu aliyeng'ata bibo la korosho. Ukakasi ule ndio tanini ya Cabernet. Unakausha ulimi na fizi, unayatafuta mate huyapati. Chupa haikuwa na kasoro. Ilikuwa changa, na chakula hakikuwa chake.

Pauillac iliyopewa muda, miaka kumi na tano na kuendelea kwa zile kubwa, inageuka. Ukakasi unabaki kama uti wa mgongo tu, na juu yake kuna zambarau zilizoiva sana, harufu ya mbao za mwerezi, na kitu ambacho kila mtu anakifananisha na penseli iliyochongwa sasa hivi. Inasimama wima mdomoni. Haikukimbilii.

Pomerol inakukimbilia. Hata ikiwa na umri wa miaka mitano au sita, unaweza kuikuta imeshalainika: plamu nyeusi, kakao, baadaye uyoga na majani makavu yaliyonyeshewa. Merlot ina sukari zaidi inapoiva, kwa hiyo na kilevi huwa juu. Siku hizi asilimia 14 au 14.5 kwenye Pomerol ni kawaida, na miaka ya joto inapita hapo. Inajaza mdomo mzima bila kuusugua. Wanaoidharau wanasema ni nyepesi kupendwa, kana kwamba hilo ni kosa.

Chakula kinafuata hapohapo. Tanini zinatulizwa na mafuta na protini, kwa hiyo Pauillac inataka nyama yenyewe: mbuzi wa kuchoma, kondoo (na Pauillac ina kondoo wake maarufu), nyama ya ng'ombe isiyokaushwa sana motoni. Pomerol inamvumilia bata, kuku wa mchuzi mzito, uyoga, hata pilau isiyo na pilipili. Samaki wa nazi usimpe hata mmoja kati ya hawa wawili.

Mwaka wa mavuno unaweza kugeuza jibu

Hapa wanunuzi wengi wanapoteza pesa. Wanasikia kwamba mwaka fulani ulikuwa mzuri Bordeaux, wananunua popote. Lakini Merlot na Cabernet hazivunwi pamoja, na mvua haina adabu ya kusubiri zote.

Mwaka 1998, Pomerol walikuwa wameshaingiza Merlot ndani mvua za mwisho wa Septemba zilipokuja. Cabernet ya Médoc ilikuwa bado shambani. Ule ulikuwa mwaka wa ukingo wa kulia. Mwaka 1996 mambo yalipinduka: mvua zilionea zaidi upande wa Merlot, halafu likatoka jua, na Cabernet iliyokuwa bado inasubiri ikaiva vizuri. Pauillac za mwaka huo bado zinatafutwa. Mwaka 2003, kwenye joto kali la Agosti, mizabibu michanga kwenye changarawe na mchanga iliteseka, wakati mfinyanzi uliokuwa na akiba ya maji uliihifadhi mizabibu yake. Saint-Estèphe, jirani wa kaskazini wa Pauillac mwenye mfinyanzi zaidi chini ya changarawe, alipata mwaka mkubwa.

Kwa hiyo ukiwa na chupa mbili za mwaka uliokuwa na kiangazi kirefu na vuli kavu, Pauillac inapata nafasi yake yote. Kama mwaka ulimalizika kwa mvua, mimi natazama kulia kwanza.

Daraja lisikutie hofu

Pauillac ina orodha ya 1855, inayoyapanga mashamba kwa madaraja matano, iliyotayarishwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris kwa amri ya Napoleon III. Katika mashamba matano ya daraja la kwanza, matatu ni ya Pauillac: Lafite Rothschild, Latour na Mouton Rothschild, na huyu wa mwisho alipandishwa mwaka 1973. Orodha ile ilifuata bei za wakati ule, haikupima udongo, na mashamba mengi yameongezwa au kubadilishana vipande tangu hapo. Lynch-Bages, shamba jingine la Pauillac, yupo daraja la tano, na hakuna mtu sokoni anayemuuza kama wa tano.

Pomerol haina daraja lolote rasmi. Pétrus hana cheo cha kuandika kwenye lebo na ni miongoni mwa mvinyo ghali kabisa duniani, maana shamba ni dogo na chupa ni karibu 30,000 tu kwa mwaka. Udogo huu unakuhusu hata kama hutanunua Pétrus maishani. Kwa pesa ileile, Pauillac ya kawaida huwa inakupa mvinyo bora zaidi kuliko Pomerol ya kawaida, kwa sababu Pomerol kila tone lina mteja anayelisubiri, na vipande vya mchanga vilivyo pembezoni vinauzwa kwa jina lilelile la uwanda. Hapo ndipo ningeonya. Pomerol ya bei rahisi mara nyingi ni jina tu.

Ukitaka tabia ya Pomerol kwa pesa ndogo, vuka kijito cha Barbanne uingie Lalande-de-Pomerol. Ukitaka tabia ya Pauillac, tafuta Haut-Médoc, au mvinyo wa pili wa shamba kubwa, ambao hutoka kwenye mizabibu michanga au vipande vya pembeni. Latour wanao wa pili, Les Forts de Latour, na wa tatu unaoandikwa Pauillac de Latour. Bei zao si za mchezo, lakini si bei ya yule mkubwa.

Basi uchukue ipi?

Kama ni zawadi ya kuwekwa, kwa mtu mwenye sehemu ya baridi ya kuihifadhi, chukua Pauillac bila kusitasita. Latour wenyewe tangu 2012 waliacha kuuza mvinyo ukiwa bado kwenye pipa. Wanaukalisha ndani mpaka waone umeanza kuwa tayari, na hiyo inakuambia wenye shamba wanaionaje subira. Kama bosi wako anaishi kwenye nyumba ya joto la nyuzi 30 na hana kabati ya mvinyo, Pauillac changa itamfia mikononi kabla haijalainika. Mpe Pomerol ya kunywa mwaka huu.

Kama anayekunywa hajazoea mvinyo mwekundu, Pomerol. Kama mezani kuna mbuzi mzima, Pauillac. Kama huna hakika na chakula, Pomerol inasamehe zaidi.

Na kama ni mtu anayejua, mtafutie kile kinachovunja kanuni. Vieux Château Certan yupo Pomerol, hatua chache kutoka Pétrus, lakini ana kiasi kikubwa cha Cabernet Franc, zabibu ya jamii moja na Cabernet Sauvignon, na mvinyo wake una uti wa mgongo ambao mtu hautarajii upande ule. Lafleur naye ni mtu wa pekee: hekta nne na nusu hivi, na karibu nusu ni Cabernet Franc. Mwaka 2025 wenye shamba walitangaza kujitoa kwenye jina la Pomerol, wakisema hali ya hewa inabadilika haraka kuliko kanuni zinazowabana. Kuanzia mavuno ya mwaka huo, chupa zao zinaandikwa mvinyo wa Ufaransa tu, jina lilelile linalokaa kwenye chupa za mezani za bei ya chini. Mfinyanzi na changarawe ya Lafleur havijasogea hata shubiri.

Jambo la mwisho ni la jikoni, na kwa pwani yetu lina uzito kuliko daraja lolote. Ukiambiwa mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani, chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chetu kina 29. Kwenye joto hilo Pomerol inanukia spiriti na Pauillac inakuwa supu. Iweke chupa kwenye friji saa moja na nusu hivi kabla. Kama ni Pauillac, ifungue kwanza, uimimine yote kwenye jagi pana la kioo, ipumue saa mbili humohumo kwenye friji wakati mbuzi anaiva. Pomerol ifungue wageni wakishakaa.